Akili Ndiyo Silaha ya Kwanza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baadu.

Ndugu zangu Waislamu, lau utukufu wa mwanadamu ungalikuwa katika nguvu za mwili, punda angalikuwa bora kuliko bwana wake. Lakini punda ndiye abebaye, na mtu ndiye aongozaye. Mola amempa mtu akili, na kwa akili hiyo akamfaradhia sala na saumu; asiye na akili hana taklifu, hata awe na nguvu za simba.

Tazameni khabari ya vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra (627). Makureshi na wenzao waliiendea Madina kwa jeshi lipatalo watu 10,000, na Waislamu walikuwa kama 3,000. Sayyidna Salman Al-Farsi akashauri lichimbwe handaki upande wa kaskazini uliokuwa wazi, kama ilivyokuwa dasturi ya kwao Uajemi. Waarabu hawakuijua hila hiyo. Maadui walipofika, wapanda farasi wao wakazuilika ukingoni. Wakauzingira mji karibu ya mwezi, hata Mola akawapelekea upepo ukawatawanya.

Na Salman alikuwa nani? Alikuwa mgeni asiye na kabila Madina, na utumwa ndio uliomzuia asihudhurie Badri na Uhudi. Mtume (S.A.W.) hakumuuliza nasaba wala hakumpima kifua, alilipima shauri lake, akalikubali. Kisha yeye mwenyewe akachimba na kubeba mchanga pamoja na sahaba zake, nao wana njaa.

Je, sisi? Mnyonge akinena neno la haki barazani, twauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Kijana akimpiga mwenziwe, twamsifu ushujaa, akihitimu chuoni, hatumtazami. Chombo kikienda mrama, mabaharia wenye nguvu hungoja neno la nahodha, hata akiwa mzee aliyekonda. Mbona mji wetu twauacha bila sukani?

Basi tusidharau shauri kwa unyonge wa mwenye kulitoa, na tukiisha kulikubali tusiwe wavivu wa mikono. Akili huonyesha mahali pa kuchimba. Nguvu ndizo zichimbazo. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.