Ugumu wa Kujitakia

Mchezaji aliyefika kiwango cha juu kabisa cha ugumu katika mchezo wa kompyuta, akashinda, kisha akatafuta njia ya kuuzidisha ugumu ule, anastahili kuulizwa swali la kifalsafa. Kwa kawaida mwanadamu hutumia akili yake kupunguza taabu: hutafuta njia ya mkato, chombo chepesi, dawa isiyo chungu. Mchezaji huyu hutumia akili ile ile kuongeza taabu, tena taabu isiyomletea ujira wala sifa, kwa kuwa aghalabu hucheza peke yake chumbani. Anatafuta nini? Na je, anachokitafuta kina thamani yoyote ya kimaadili, au ni mchezo wa aliyeshiba tu?

Swali hili hujitokeza kwa uwazi zaidi katika michezo inayochanganya kupiga risasi na kuigiza uhusika. Katika mchezo wa risasi tupu kinachopimwa ni jicho na kidole. Katika mchezo wa uhusika kinachopimwa ni uamuzi: mchezaji huunda mtu, humgawia vipaji na udhaifu, humchagulia marafiki na maadui, kisha huishi na matokeo. Aina hizi mbili zinapokutana, ugumu hupata nyumba mbili, na anayetaka kuuongeza sharti aamue kwanza anabisha hodi kwenye nyumba ipi.

Mfano mzuri ni Fallout: New Vegas, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Obsidian Entertainment na kutolewa mwaka 2010. Mchezaji ni tarishi aliyepigwa risasi kichwani na kufukiwa katika jangwa la Mojave, nchini Marekani, mwaka 2281, zaidi ya karne mbili baada ya vita vya nyuklia. Kiwango cha juu kabisa cha ugumu cha mchezo huu hufanya kazi kwa hesabu nyepesi: madhara anayoyapata mchezaji huzidishwa mara mbili, na madhara anayoyatoa hupunguzwa kwa nusu. Adui aliyekuwa akianguka kwa risasi nne sasa huanguka kwa nane. Mapambano huwa marefu na ya hatari zaidi, jambo lisilopingika, lakini mchezaji hapewi jambo jipya la kufikiri. Lililokuwa sahihi kutendwa jana ndilo sahihi leo, ila sasa litendwe mara nyingi zaidi.

Hesabu hii ina gharama mbili zisizoonekana mara moja. Kwanza, huudhoofisha ukweli wa ulimwengu wa mchezo. Jambazi aliyevaa matambara anayeendelea kusimama wima baada ya kupigwa risasi nyingi za kichwa haongezi ushujaa wowote kwa anayepambana naye. Ni ukuta uliovishwa nguo. Pili, huula uhusika wenyewe. Silaha dhaifu na ujuzi wa pembeni, vitu ambavyo vingempa tarishi huyu sura yake ya kipekee, huachwa kwa sababu hesabu inavikataa. Wachezaji mia wanaoanza na watu mia tofauti hujikuta mwishoni wamebeba bunduki ile ile. Ugumu uliokusudiwa kumpima mtu unakuwa umemfuta.

Mchezo huo huo, hata hivyo, una ugumu wa pili unaowashwa peke yake, mbali na kiwango kilichoelezwa. Katika hali iitwayo Hardcore, tarishi hana budi kula, kunywa na kulala. Risasi, ambazo kwa kawaida hazina uzito wowote, sasa zina uzito. Sindano ya tiba haiponyi papo hapo bali polepole, na kiungo kilichovunjika kwa kawaida hakipati nafuu bila mganga au mkoba wa tabibu. Wandani wanaofuatana na tarishi, ambao katika mchezo wa kawaida huzimia vitani kisha wakainuka, hapa hufa na hawarudi.

Hakuna adui hata mmoja aliyeongezewa nguvu, na bado kila hatua imebadilika maana. Anayetoka mjini kwenda jangwani hulazimika kuuliza: je, abebe risasi nyingi au maji mengi? Silaha ya kilipuzi bado ina nguvu zake, lakini mizigo yake inamnyima nafasi ya chakula. Amri ya kumwambia mwandani atangulie mlangoni, iliyokuwa mbinu tu, sasa ni amri ya kumweka mtu hatarini. Hapa ndipo ugumu unapogusa maadili, hata kama mtu huyo ni wa kubuniwa: mchezaji ametakiwa kulijua tendo lake kwa jina lake.

Tofauti hii si ngeni kwa anayelijua bao. Mwanafunzi huanza na bao la kujifunza, ambamo kete zote 64 zimekwisha kutandazwa, mbili mbili katika kila shimo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, na nyingine 22 zikiwa akibani, aziingize moja moja katika hatua ya namua. Tena kuna nyumba, inayomtaka mwenyewe apime lini ailinde na lini aisafirishe. Hakuna aliyewahi kufikiri kuwa bao litakuwa gumu zaidi kwa kumwongezea mpinzani kete za bure. Waliolitunga walijua kwamba mchezo hukomaa kwa kuongeza yanayopaswa kuamuliwa.

Aliyelielewa jambo hili kuliko wengi ni Josh Sawyer, mkurugenzi wa mradi wa Fallout: New Vegas. Mwishoni mwa mwaka 2011, baada ya nyongeza zote za mchezo kutolewa, alichapisha modi yake binafsi, yaani mabadiliko ambayo mchezaji wa kompyuta angeweza kuyapachika kwa hiari yake. Mtengenezaji wa mchezo alikuwa anausahihisha mchezo wake mwenyewe, nje ya kampuni. Kinachovutia zaidi ni mwelekeo wa masahihisho hayo, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa kupunguza. Uzito wa msingi ambao tarishi angeweza kubeba, kabla ya kuhesabu nguvu za mwili wake, ulishushwa kutoka 150 hadi 50. Kikomo cha kukua kwa mhusika, kilichokuwa kimefika daraja la 50, kilirudishwa hadi 35.

Kikomo hiki cha pili kinastahili kutazamwa kwa makini. Mhusika wa daraja la 50 anakaribia kuwa kila kitu: mdunguaji, tabibu, mvunja makufuli na msemaji, vyote katika mwili mmoja. Wa daraja la 35 amelazimika kuacha baadhi ya njia zimpite. Huu ndio ugumu wa kuwa mtu. Mwanadamu hapati maana ya uchaguzi wake mpaka ajue kwamba kilichoachwa kimeachwa kweli. Anayeweza kuwa yeyote kwa zamu hajachagua kuwa mtu fulani, ameahirisha tu.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kwamba kucheza ni kujitwisha kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima, kwa kuwa vikwazo hivyo ndivyo vinavyouwezesha mchezo kuwepo. Maelezo haya yanamwondolea mchezaji wetu tuhuma ya wazimu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini mchezaji, tofauti na mtafutaji wa kawaida, amekiweka kitu mvunguni kwa makusudi kwa sababu anakutaka kule kuinama. Hata hivyo nadharia ya Suits haitoshi kuamua baina ya nyumba zile mbili za ugumu. Adui mwenye uhai maradufu ni kikwazo kisicho cha lazima, na kiu ya jangwani nayo vile vile. Kinachozitofautisha ni kwamba kikwazo cha kwanza humdai mchezaji muda, ilhali cha pili humdai sababu: kwa nini umebeba hiki na kuacha kile, kwa nini umempeleka huyu na si wewe mwenyewe. Ugumu wenye thamani ni ule unaomfanya mtu awajibike kwa sababu zake.

Linafuata pingamizi zito. Hali ya Hardcore ina swichi. Kiu ikizidi, mchezaji anaweza kuizima kwa kitufe, akapoteza tu tuzo ndogo ya kidijitali wanayopewa wanaoikamilisha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Je, sheria ambayo mtungaji wake anaweza kuitangua wakati wowote inamfunga kweli? Watengenezaji wa Fallout 4 walijaribu kulijibu swali hili kwa kufuli. Mchezo huo ulipotoka mwaka 2015, kiwango chake cha juu, Survival, kilielemea zaidi kwenye hesabu ile ya kale. Mwaka 2016 kiliundwa upya: mapigano yakawa ya kuua haraka kwa pande zote mbili, njaa, kiu, uchovu na maradhi vikaingia, usafiri wa papo kwa papo ukaondolewa, na mchezaji akazuiwa kuhifadhi mchezo wake isipokuwa kwa kulala kitandani. Haukupita muda mrefu kabla baadhi ya wachezaji hawajaunda modi za kurudisha uwezo wa kuhifadhi popote. Kufuli nalo lilikuwa na ufunguo wake.

Yamkini jibu haliko kwenye kufuli. Kant alifundisha kwamba uhuru ni kuitii sheria ambayo mtu amejitungia kwa akili yake mwenyewe, na sheria ya namna hiyo haina askari mlangoni. Anayefunga saumu anaweza kunywa maji faraghani asionwe na binadamu yeyote. Uwezekano huo hauibatilishi saumu, bali ndio unaoipa uzito. Tofauti ipo: mfungaji anaamini kwamba yuko anayemwona, na mchezaji hana shahidi ila nafsi yake. Lakini hapo ndipo jaribio dogo la mchezaji linapokuwa safi. Akivunja sheria yake hakuna aliyeibiwa. Akiitunza hakuna atakayempongeza. Swichi iliyo karibu na mkono ndiyo inayoufanya ugumu wake uwe wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu njaa yenyewe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ni shibe inayomruhusu mtu kuigeuza njaa kuwa burudani. Kuna watu ambao hawahitaji modi yoyote ili uzito wa ndoo ya maji uingie katika hesabu za siku. Mchezo haudai kuwafundisha wengine njaa ya watu hao, na ukidai utakuwa umedanganya. Kwa ubora wake wote, unaweza kufundisha kupanga katika uhaba. Ule woga wa mzazi mbele ya sufuria tupu uko nje ya uwezo wake.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, si kwamba mchezo unafundisha kidogo mno. C. Thi Nguyen, katika kitabu Games: Agency as Art cha mwaka 2020, anaonya kwamba michezo humpa mchezaji malengo yaliyo wazi na yanayopimika, na kwamba madhara huanza pale anapotarajia maisha nayo yawe na uwazi huo. Onyo hili linaweza kusogezwa mbele kidogo. Mchezo mgumu, ukiwa umetengenezwa vyema, ni mgumu kwa haki. Jangwa la Mojave la kwenye skrini lina chemchemi kwa sababu kuna mtu aliyeziweka, akapima umbali wa kutoka moja hadi nyingine, akahakikisha kwamba anayefikiri vizuri atafika. Kwa hiyo anayekufa kwa kiu humo amekosea mahali fulani, na kumwambia hivyo ni kumsaidia. Jangwa la kweli halikupimwa na yeyote kwa ajili ya yeyote. Anayekufa humo huenda hakukosea lolote.

Anayeihamisha imani ya jangwa la kwanza kwenda la pili hugeuza fadhila kuwa kiburi. Wasomaji wanaoishi ughaibuni wanaifahamu sauti yake, hata miongoni mwa wasiogusa michezo ya kompyuta. Ni sauti ya aliyefika, akapata kazi, akapata karatasi, kisha akaanza kuisimulia dhiki yake kama kiwango alichokivuka kwa ustadi: nami nililala sakafuni, nami nilifanya kazi mbili, mbona wewe umeshindwa? Taabu aliyopitia ilikuwa ya kweli na uvumilivu wake ni wa kuheshimiwa. Lakini masimulizi yake yamekwisha kumwekea aliyeshindwa chemchemi ambazo hazikuwepo, ili alaumiwe kwa kutoziona. Ugumu usiochaguliwa haumpimi mtu kwa haki, na kwa hiyo haumpi aliyeuvuka mamlaka ya kumhukumu aliyekwama.

Vivyo hivyo ndani ya michezo yenyewe. Anayecheza kiwango chepesi kwa kuwa mkono wake una maradhi, au kwa kuwa ana saa moja tu baada ya zamu ya usiku, hajaingia katika mashindano na mwenye Hardcore. Sheria aliyojitungia mtu haina raia wa pili. Pindi inapotumiwa kuwapimia wengine, inaacha kuwa nidhamu na kuwa majivuno.

Thamani ya ugumu wa kujitakia, basi, ipo, nayo ni ndogo na ya kweli. Humzoesha mtu kutoa sababu za matendo yake pasipo mtu wa kumdai. Mchezaji wa Hardcore aliyempeleka mwandani wake mlangoni akamwona anakufa, ana mchezo aliouhifadhi dakika kumi zilizopita, na kuurudia hakumgharimu chochote. Wengine huurudia, na hawana kosa. Mwingine hutazama mzigo aliouacha marehemu, akachukua maji anayoweza kubeba, akaendelea na safari kwa kuwa alitoa amri ile akiijua. Hakuna hesabu ya mchezo inayorekodi alichokifanya.