Mji Ulioanza kwa Kulaza Wageni

Mwezi Septemba 1867, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliwaandalia karamu makonseli wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani katika mji uliokuwa bado unanuka chokaa mbichi. Pembeni kilikuwapo kijiji cha Mzizima, watu wake wakivua na kulima kama kawaida. Huku bandarini, Majid alikuwa anajenga mji wake mpya, Dar es Salaam, na alitaka wakubwa wa mataifa waje wauone, wale na walale.

Ili walale, alijenga nyumba. Nyumba hiyo ipo hadi leo, pale Barabara ya Sokoine inapokutana na Barabara ya Morogoro, ikitazamana na boti za Zanzibar. Tunaiita Old Boma. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba ukiingia saa nane mchana unahisi jua limebaki nje. Dari imeshikwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na mlango wake umenakshiwa kwa mkono wa fundi aliyeijua kazi ya Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nusura ivunjwe. Ikaponea chupuchupu, na siku hizi ndimo kilimo kituo cha urithi wa majengo ya jiji, DARCH.

Jambo linalonishika kila nikipita pale ni hili: kasri la Majid mwenyewe halipo tena. Yeye alifariki mwaka 1870, mdogo wake Barghash akarithi kiti na wala hakuwa na hamu na mji huu, na Wajerumani walipouteua kuwa makao makuu mwaka 1891 walijenga ya kwao. Nyumba ya mwenye mji imekwisha. Nyumba ya wageni imesimama.

Ningependa kuishia hapo na kusema kwamba ukarimu uko kwenye mawe ya msingi ya jiji letu, lakini nitakuwa nimewaruka watu wengi. Mawe yale hayakujipanga yenyewe. Mji wa Majid ulijengwa kwa jasho la watumwa, na mashamba ya minazi yaliyouzunguka yalipandwa na kupaliliwa na watumwa. Walikuwapo walioteka maji ya kunawia makonseli, waliopika, waliopepea moto, waliokusanya sahani baada ya wakubwa kushiba. Majina ya mataifa manne yaliyoalikwa tunayo. La hata mmoja wa waliowahudumia hatuna. Kwangu mimi, mtu akisimulia karamu ile bila kuwataja hao hajaisimulia.

Ndiyo maana naipenda zaidi jirani yake. Hatua chache kutoka Old Boma, barabara ile ile ya Sokoine, ipo nyumba nyingine ya kale inayosadikiwa kuwa ya wakati wa Majid. Baadaye ilinunuliwa na wamisionari wa Kikatoliki waitwao Mapadre Weupe, na leo inaitwa Atiman House. Wapita njia wengi hawajui Atiman alikuwa nani.

Adrian Atiman alizaliwa upande wa Afrika Magharibi, karibu na Mto Niger. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwani na kuuzwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, kisha wakampeleka Malta kujifunza utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wamejenga ngome miaka kumi nyuma yake kabla haijawa misheni. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa ziwa lile mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka sitini na saba ya kupokea wagonjwa. Wale waliokuja Karema kwa mtumbwi au kwa miguu walimkuta mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa mali ya wengine, na sasa alikuwa mwenyeji wao.

Kwa hiyo nyumba ya enzi ya sultani, katika mji uliojengwa na watumwa, inabeba jina la mtu aliyewahi kuuzwa utumwani. Sijui kama kuna jengo jingine jijini lenye heshima kubwa kuliko hiyo.

Utamaduni wa kulaza mgeni haukuishi kwenye majumba ya mawe peke yake. Sisi tuliokulia Kariakoo tuliujua kwenye nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uani jiko na choo. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya namna hiyo Mtaa wa Likoma. Wageni wake hawakuandika barua. Ungesikia tu "Hodi!" mlangoni jioni, mtu amesimama na kikapu na kuku aliyefungwa miguu, akisema yeye ni mtoto wa fulani wa Kilosa. Bibi hakuuliza amekuja kwa siku ngapi. Aliuliza, "Umeoga, mwanangu?" Maji yaliwekwa uani, mkeka ukatandikwa ukumbini, na sisi wajukuu tukasogezana. Chakula kilikuwa kile kile. Sinia moja, mikono ikaongezeka. Siku ya tatu mgeni mwenyewe alikuwa ameshakamata fagio au anachambua mchele pamoja na wapangaji, maana naye alikuwa amefunzwa kwao.

Nyumba hizo zimekwisha nazo. Palipokuwa na ua pameota ghorofa, chini maduka, katikati stoo, juu gesti. Sina ugomvi na gesti. Bila hizo, mchuuzi aliyetoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni kununua mzigo angelala wapi? Analipa, anapewa chumba chenye feni na chandarua, kipande cha sabuni, ndala za plastiki na taulo, naye anajaza kitabu cha wageni: jina, kabila, atokako, aendako, kazi. Ni biashara halali, na wengi wanaifanya kwa moyo mzuri. Ila gesti ina mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni fedha. Nyumba ya bibi ilikuwa na mlango wa pili, na huo ndio uliofungwa.

Anayeujua vizuri mlango huo uliofungwa ni mgeni mmoja ambaye jiji hili linampokea kila siku. Ni mgonjwa anayetibiwa hospitali ya Ocean Road, karibu na Ikulu. Kwa miaka mingi hapo palikuwa mahali pekee nchini pa kupata tiba ya mionzi kwa saratani, na mpaka leo wanakuja kutoka kila kona. Tiba yenyewe hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa majuma kadhaa. Mgonjwa anaweza kuwa na nguvu za kutembea, hahitaji kitanda cha wodi. Anachohitaji ni mahali pa kulala karibu, yeye na anayemuuguza. Aliye na ndugu Mbagala au Gongo la Mboto anapigana na daladala kila alfajiri. Asiye na ndugu anahesabu fedha za mahindi aliyoyauza, usiku mmoja baada ya mwingine.

Nilimkuta mmoja wa wanaowauguza Feri, kwenye soko la samaki, upande wa wakaangaji. Makarai yalikuwa yanachemka, changu na vibua vinaingia na kutoka, moshi unachoma macho. Mama wa makamo, khanga mbili, bahasha kubwa ya kaki ameibana kwapani. Alikuwa anauliza bei ya samaki kisha anaendelea mbele, anauliza tena, anaendelea. Mama lishe mmoja alimsoma mapema.

"Mama, umeshakula wewe?"

"Nitakula jioni."

"Jioni mbali, mama yangu. Kaa hapo kwenye benchi. Umetoka wapi?"

"Sumbawanga. Nina mwanangu hapo hospitali."

Akawekewa ugali, kipande cha kolekole, kachumbari na kipande cha ndimu. Alipofungua fundo la khanga kutafuta hela, mama lishe alimshika mkono. "Hiyo weka, ya nauli." Kisha akamuuliza mwanawe anakula nini. Uji, akasema, uji wa ulezi mwepesi usio na sukari nyingi, kingine chote kinarudi. Lakini pale alipofikia hakuna pa kupikia.

Nimeisikia sauti ya bibi katika swali lile la kwanza, na nimefurahi kwamba bado ipo jijini. Lakini mama lishe yule anaishi kwa faida ya sahani anazouza. Haifai mzigo huu abebe yeye na wenzake peke yao, wakati jiji lina misikiti na makanisa yenye viwanja, vyama vya wafanyabiashara, vyama vya watu wa mikoa waliofanikiwa, na maghorofa ya Kariakoo yenye orofa nzima zilizojaa mabunda ya vitenge na maboksi ya viatu.

Tungeweza kuanza kwa kidogo. Nyumba moja ya kutembea kwa miguu kutoka Ocean Road, vitanda vya kutosha familia chache, msimamizi anayelipwa, na kitabu cha wageni kisichouliza kabila. Watu wa Rukwa walioko Dar wanaweza kuchukua chumba kimoja, wa Kagera kingine, wa Lindi kingine, wakatunza shuka na kulipia umeme. Na kabla ya vitanda, liwekwe jiko la gesi na sufuria, ili mama kutoka Sumbawanga ampikie mwanawe uji wake.