Kabla ya Kulipa Kodi, Uliza Pesa ni ya Nani



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, muhula huu mazungumzo ya nyumba yamekuwa mengi. Baada ya Isha, pale nje ya msikiti, utasikia nani amehama hosteli, nani amepata studio Naguru, nani bado anatafuta Kololo. Studio yenyewe ni chumba kimoja tu: kitanda, meza na jiko humo humo, na choo chake ndani. Ila ukiwa juu ya vilima vile vya Kampala unaongezewa mlinzi getini, jenereta na roshani ya kupigia picha. Kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu, wenzangu huniuliza: je, kupanga huko ni israfu?

Mimi naliona hilo kuwa swali la pili. Swali la kwanza ni hili: pesa utakayolipia ni ya nani?

Tuseme haki kwanza. Dini yetu haikuharamisha makazi mazuri. Katika Hadithi ya Sa'd bin Abi Waqqas iliyomo kwa Ibn Hibban, Mtume (s.a.w.) alihesabu nyumba yenye nafasi kuwa katika mambo manne ya furaha, na jirani mwema akamtaja humo humo. Dada anayetoka maktaba usiku na kupita vichochoro visivyo na taa ana haki ya kutafuta mahali penye usalama. Mwenye kipato chake cha halali, au ambaye mzazi wake amejaliwa na akamwambia kwa ulimi wake akapange huko, hana wa kumnyooshea kidole. Huyo abaki na kipimo cha Surat Al-Furqan aya ya 67, ambapo waja wa Rahman wanasifiwa kwa kutumia bila ya kufuja wala kubana, wakawa katikati. Na katikati ya kila mtu iko kwenye mfuko wake, haiko kwenye mfuko wa rafiki yake.

Lakini wengi wetu hatuko katika hali hiyo. Mwanzo wa muhula nilimsindikiza ndugu mmoja wa mwaka wa pili kwenda kutazama studio. Dalali alitaja dola 400 kwa mwezi, miezi mitatu ilipwe mbele, na mwezi mmoja uwe wa dalali. Piga hesabu: dola 1,600 kabla hujanunua hata ufagio. Nikamuuliza ndugu yangu zitatoka wapi. Akasema, "Ada imeshaingia. Nitalipia nyumba kwanza, halafu ada nitaitafuta kabla ya mitihani."

Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu hapo hatuzungumzii tena anasa. Tunazungumzia amana.

Mzazi anapokutumia pesa na kukwambia hii ni ada, pesa hiyo hajakupa zawadi. Amekufanya wakala wake wa kuifikisha chuoni. Wanazuoni wa fiqhi wameeleza kwamba wakala aliyewekewa mpaka akiuvuka, dhamana iko juu yake. Ikipotea, imepotea mkononi mwake, na anadaiwa. Allah ametuamrisha katika Surat An-Nisaa aya ya 58 kuzifikisha amana kwa wenyewe, na katika Surat Al-Anfal aya ya 27 amekataza kuzifanyia khiyana hali tunajua. Hilo neno la kujua litushtue sisi wasomi. Nyuma ya pesa ile kuna ng'ombe aliyeuzwa, au mama aliyepokea mchango wake wa kikundi, akakuletea wote bila kubakiza.

Nilimwambia ndugu yangu: mpigie mzee sasa hivi, umwambie, "Baba, ile ada naomba nilipie nyumba Naguru." Alinyamaza. Basi hapo hapana haja ya mufti. Imam Muslim amepokea kutoka kwa An-Nawwas bin Sam'an kwamba Mtume (s.a.w.) aliueleza uovu kuwa ni kile kinachokukera kifuani, na ukachukia watu wakijue.

Anayesema "nitakopa" naye asikilize. Mikopo ya haraka ya kwenye simu huja na riba, na riba hukumu yake mnaijua. Hata deni lisilo na riba, Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga nalo kwa Allah ndani ya Swala. Alipoulizwa, alibainisha kwamba mwenye deni huishia kusema uongo na kuvunja ahadi. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mwanafunzi aliyejificha mwenye nyumba tarehe mosi anaielewa bila ya sherehe. Na wale wanaotaka kupunguza kodi kwa kukaa chumba kimoja mvulana na msichana wasiokuwa maharimu, wajue kuwa khalwa haihalalishwi na kugawana bili.

Ndugu zangu, tusione aibu ya chumba kidogo. Mama yetu Aisha (r.a.) amesimulia, na wameipokea Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa akilala mbele ya Mtume (s.a.w.) anaposwali usiku, miguu yake ikiwa upande wa kibla. Mtume akitaka kusujudu humgusa, naye huikunja miguu. Akisimama, huinyoosha tena. Hebu kipime chumba hicho kwa hatua zako. Mbora wa viumbe hakuwa na nafasi ya sajda mpaka mkewe akunje miguu, na nyumba hizo zilikuwa bila taa. Katika chumba hicho hicho alifariki, na humo akazikwa. Sisi chumba chetu cha hosteli kina taa, na bado tunasema hakisaliki.

Kwa atakayepanga kwa pesa yake halali, popote iwe, ashike sharti za ijara: manufaa yajulikane, kodi ijulikane, muda ujulikane. Aandike mkataba. Hapa Uganda, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka maandishi kodi inapofika shilingi 500,000, na inazuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Akishatia saini, Surat Al-Maida aya ya kwanza inamtaka atimize. Kisha amjue jirani yake, kwani nyuma ya mageti makubwa mtu anaweza kumaliza mwaka hajatoa salamu.

Ewe Allah, tutosheleze kwa halali yako, utuepushe na haramu yako. Wape wazazi wetu malipo ya jasho lao, na utujaalie tuwe waaminifu kwa kila shilingi waliyotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.