Tuifunge Barafu Bandeji?

Barafu ya ncha za dunia inayeyuka, na wapo wanaopendekeza tuitie nguvu: maji yachanganywe na unga wa mbao, yagandishwe, kisha zijengwe kuta na matandiko ya kuikinga barafu ya asili. Ndugu msomaji, utauliza inatuhusu nini sisi wa Masoro, ambao barafu tuijuayo ni ya friji na mvua ya mawe. Bahari ikipanda, Lamu na Unguja ziko mbele, na shehena zetu za Rwanda hupita bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Ila mimi nasoma sharia, si uhandisi. Swali langu ni hili: jambo hili lina hukumu gani?

Mchanganyiko wenyewe si mpya. Huitwa paikriti, kwa jina la Mwingereza Geoffrey Pyke, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitaka ijengwe meli ya barafu ya kubeba ndege. Kipimo ni unga wa mbao sehemu 14 kwa 100, zilizobaki maji. Mfano ulijengwa mwaka 1943 katika ziwa Patricia, Kanada. Ule unga huifanya barafu isipasuke ovyo na huchelewesha kuyeyuka. Lakini ikawa lazima ipozwe kwa mitambo, la sivyo hulegea taratibu kwa uzito wake. Meli yenyewe haikujengwa.

Wapo watakaosema huku ni kubadilisha uumbaji wa Allah (S.W.), wakitaja aya ya 119 ya Surat An-Nisaa. Sioni hivyo. Aya ile inaeleza amri ya Shetani kwa wafuasi wake. Anayejenga ukingo ili mafuriko yasiingie msikitini hajamtii Shetani.

Mlango ulionisaidia ni wa udhu. Aliyevunjika mkono na kufungwa gango haambiwi alifungue kila swala. Anapaka maji juu yake. Hiyo ni rehema. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumeyasoma tangu madrasa, ruhusa hiyo ina masharti: bandeji isizidi mahali panapohitaji kushikwa, na mtu akipona ruhusa inaondoka. Bandeji ni ya muda, na ni ya jeraha linalotibiwa. Sijasoma kitabu cha fiqhi kinachosema kwamba, maadamu bandeji ipo, anayepiga aachwe aendelee kupiga. Na katika suala la barafu anayepiga anajulikana. Surat Ar-Rum aya ya 41 imeshatuelekeza kwenye mikono yetu wenyewe.

Sharti la kutozidi lina uzito kuliko nilivyodhani kabla ya kupiga hesabu. NASA inakadiria kwamba Greenland peke yake hupoteza takriban tani bilioni 270 za barafu kwa mwaka. Kuifidia barafu ya mwaka mmoja kwa paikriti kungetaka karibu tani bilioni 38 za unga wa mbao. Miti yote inayokatwa duniani kwa mwaka, kwa hesabu za FAO, ni kama mita za ujazo bilioni 4, na mita moja ya ujazo ya mbao nyingi haifiki tani. Kanuni ya fiqhi inasema madhara huondolewa, ila hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake. Kufyeka misitu ili kuokoa barafu kunagonga kanuni hiyo moja kwa moja. Kinachobaki ni vipande vidogo, mahali palipochaguliwa kwa makini.

Jirani zetu wameshapendekezewa kitu cha namna hii. Mwaka 2003 mwanasayansi Euan Nisbet alitoa rai kwamba kingo za barafu ya Kilimanjaro zifunikwe kwa shuka nyeupe za plastiki. Haikufanyika. Mlima ule ulikuwa umepoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake kati ya 1912 na 2007. Ingefanyika, nani angelipa? Katika sharia anayeharibu mali ya mwenzake hudhamini, hata kama hakukusudia. Mkulima wa migomba wa Kichaga hawezi kuuziwa bandeji ya jeraha ambalo kwa sehemu limetoka kwenye viwanda vya wengine.

Kumzuia anayepiga kunawezekana, na mfano mmoja umetoka mjini kwetu. Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana hapa Kigali kupunguza gesi za HFC, zile za kwenye friji na viyoyozi. Inatarajiwa makubaliano hayo yatazuia hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo mwisho wa karne. Ajabu ni kwamba gesi za kupoza ndizo zilizokuwa zikichoma.

Kwa hiyo wenzetu wa uhandisi wakiniuliza, nitawajibu kwamba kujaribu kunajuzu. Unga wa mbao upo kwa maseremala, hautaki mti mpya ukatwe. Lakini wakija na mradi mkubwa, nitauliza kwanza nani anaulipia, na kama mlipaji amepunguza moshi wake au amenunua bandeji tu.