KILA MTU MBELE YA NYUMBA YAKE
(Nehemia 3)



Someni sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia. Wengi huiruka, kwa kuwa waona ni majina na malango tu. Lakini angalieni jinsi ukuta wa Yerusalemu ulivyojengwa: makuhani walishika kazi, wafua dhahabu kadhalika, na Shalumu pamoja na binti zake, na wengine walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ukaisha kwa siku 52.

Sasa tazameni shule zetu ndogo za milimani Upare. Mwezi wa Julai mtoto huvuka bonde katika ukungu, hufika amelowa, naye hukaa na nguo zile zile juu ya sakafu ya udongo hata adhuhuri. Choo hakina mlango. Ndiyo sababu binti mkubwa husema tumbo lamwuma, hubaki nyumbani, na mwisho harudi kabisa. Hii ni kazi ya nani? Wengi hujibu: Ni ya Serikali. Kweli, mwaka 2001 Serikali ilifuta ada ya shule za msingi, nasi twashukuru. Lakini ilifutwa ada, hawakufutwa wazazi.

Babu zetu hawakunena hivyo. Mwaka 1920, wamisionari wa Leipzig walipoondolewa nchini, waalimu wenyeji ndio walioshika kazi ya sharika na shule. Na msaragambo ni desturi ya kale kuliko Kanisa katika milima hii: watu wakiitwa, hutoka na majembe na mundu, wakazibua mfereji, wakatengeneza njia. Mbona basi mfereji wa shamba huzibuliwa, na paa la shule halina mfereji? Paa la mita 8 kwa 6 likinyeshewa milimita 10 tu, hupokea lita 480 za maji. Yote hupita mlangoni na kuchimba ua, na kesho yake watoto hutumwa mtoni na ndoo!

Nehemia hakuficha neno moja: wakuu wa Tekoa walikataa kuinama kazini, ingawa watu wao wadogo walijenga hata sehemu ya pili. Wazee wa usharika, isomeni habari hiyo polepole.

Nanyi wainjilisti, Jumapili ibada ikiisha, wapelekeni wazee shuleni wakaone kwa macho. Anzeni na mlango wa choo: mbao chache, bawaba mbili na komeo moja la ndani. Fundi hakosekani katika usharika.