Jando Chini ya Msalaba

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akiwarudisha bara. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakabaki. Mwaka 1882 Wangoni wakauvamia mji ule. Misheni yao ikapanda kwenda Newala, huku kwetu juu, ndipo baadaye ikarudi.

Basi waliotuanzishia kanisa ni watu walioporwa koo zao. Hata pa kumwagia unga wa tambiko hawakuwa napo. Nadhani ndiyo maana swali la mila limetukaa moyoni kuliko wengine: je, anayebatizwa huacha mababu zake mlangoni?

Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, hakukubali. Alilichukua jando, akaondoa yasiyopatana na Injili, akaweka sala na msalaba. Wapo waliomlaumu, na wapo leo wanaosema tulichanganya maji na mafuta. Mimi siwaungi mkono. Nimemwona mwanangu akitoka jandoni, kichwa kimenyolewa na kung'aa mafuta, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani, akapiga magoti mbele ya padri huku shangazi zake wakipiga vigelegele humo humo kanisani. Mungu aliyezaliwa katika ukoo wa Daudi, akatahiriwa siku ya nane, aone aibu gani kwa hayo?

La unyago ni gumu zaidi. Mabinti zetu hufunzwa ndoa wangali watoto, na hilo hakuna sala inayolitakasa. Wasubiri, wakue kwanza.