Kina si Nasaba

Msemaji hodari akitaka kulisifu shairi barazani, anaweza kuliweka kando ya shayiri. Hilo, atasema, ni chakula cha nafsi, na hii ni chakula cha mwili. Vyote viwili hupandwa, huvunwa na kupepetwa, makapi yakatengwa na punje. Wasikilizaji watapendezewa, na ni haki yao. Lakini aghalabu msemaji wa namna hiyo haishii hapo. Huongeza kuwa maneno hayo mawili yamefanana kwa sababu yametoka tumbo moja. Hapo sifa imegeuka kuwa ushahidi, na shahidi hana budi kuhojiwa.

Maneno yote mawili yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko yameandikwa kwa herufi tatu zile zile: shin, ain na ra. Nywele ni sha'r, shayiri ni sha'ir, ushairi ni shi'r. Kwa mwenye haraka, shauri limekwisha. Ibn Faris, mwanachuoni wa lugha aliyefariki mwaka 395 wa Hijria, hakuwa na haraka. Kitabu chake cha Maqayis al-Lugha kilikusudia kuyarejesha maneno ya Kiarabu kwenye maana chache za asili, kwa hivyo kuunganisha ndiko kulikokuwa faida yake. Hata hivyo, alipozifikia herufi hizo tatu alisema kuwa zina asili mbili: moja yaonyesha uthabiti, na ya pili yaonyesha ujuzi na alama. Nywele aliziweka upande wa kwanza. Mshairi alimweka upande wa pili, pamoja na kitenzi cha kutambua, kwa kuwa mshairi huyatambua yasiyotambuliwa na wengine. Mtu aliyekuwa na sababu ya kuunganisha akachagua kutenganisha. Huo ndio uaminifu wa elimu.

Wala haihitajiki kwenda Uarabuni kulitafuta somo hili. Mtoto wa pwani hulikuta miguuni pake. Kuna kaa anayekimbilia shimoni maji yakipwa, kuna kaa la moto, na kuna kaa la kuketi. Akili yenye kupenda hadithi haitakosa uzi wa kuzifunga tatu hizo: kaa la moto hukaa jikoni, na kaa wa pwani akichomwa huwa mwekundu kama kaa. Lakini mzee wa Mvita atamkapo jina la yule wa pwani, husukuma k pamoja na pumzi. Atamkapo la moto, pumzi haimo. Pumzi hiyo si madaha ya mtamkaji. Ni athari ya sauti ya puani iliyotangulia neno hapo kale, ikafifia, ikaacha mvumo wake tu. Maandishi ya siku hizi hayaionyeshi, na jicho hudhani ni neno moja pale ambapo sikio lajua kuwa ni mawili.

Maneno hufanana, basi, kama yafananavyo mawe ya ufukweni. Hili limemeguka mwamba huu, lile limemeguka mwamba ule, na wimbi moja limeyasaga yote hata yakawa na umbo moja. Umbo hilo lasimulia habari za wimbi. Habari za mwamba halizijui.

Ikiwa kufanana si hoja, undugu wa maneno hujulikana kwa nini? Jibu la wataalamu lastaajabisha: hujulikana kwa tofauti zenye utaratibu. Tuchukue njaa na njia. Kichewa cha Malawi husema njala na njira. Kizulu husema indlala na indlela. Mwenye kutazama juu juu hataona kuwa njia na indlela ni ndugu. Lakini penye nj ya Kiswahili, Kizulu kimeweka ndl mara zote mbili. Na penye l au r ya jirani, Kiswahili kimeiangusha mara zote mbili. Mvua nayo yashuhudia hayo hayo, kwani Wazulu huiita imvula, na Wachewa mvula. Kwa njia ya namna hii Wilhelm Bleek, katika kazi yake ya mwaka 1862, aliweza kuzikusanya lugha hizi chini ya jina la Bantu, na Carl Meinhof mwaka 1899 akaziwekea kanuni za mabadiliko ya sauti. Nduguze neno hawajulikani kwa sura. Hujulikana kwa kuwa kila mmoja amebadilika kwa kufuata desturi ya nyumba yake.

Kanuni hiyo hufika mbali. Cherehe anolea visu mnoaji, na cherehani ashonea kanzu fundi. Majina hayo hurejeshwa kwenye charkh ya Kiajemi, yaani gurudumu. Charkh ni ndugu wa chakra ya Kisanskriti, na chakra ni ndugu wa wheel ya Kiingereza. Hakuna sikio ambalo lingekisia. Kinyume chake, Mwajemi akitaka kusema kitu ni kibaya husema bad, na Mwingereza husema bad, na baina ya maneno hayo hapana undugu wowote. Huko Australia, lugha ya Kimbabaram ilimwita mbwa dog, sawasawa na Kiingereza, pasipo moja kuazima kwa nyingine. Walimwengu ni wengi na sauti za kinywa ni chache. Sadfa haikosi mahali.

Lau jambo hili lingehusu mawe na mbwa tu, lingeachiwa wenye nafasi. Lakini lahusu watu. Neno Swahili latokana na sawahil ya Kiarabu, wingi wa sahil, maana yake pwani. Kuna waliosema sivyo: latokana na “siwa hili”, kisiwa hiki kikubwa. Dai hilo lina mapenzi ndani yake, maana mtu hutaka jina lake litoke kinywani mwake mwenyewe. Lakini kuna waliosema pia, kwa dhihaka, kuwa ni “sawa hila”, watu wa werevu na ujanja. La kwanza humpamba Mswahili, la pili humtukana, na njia iliyotumika ni moja: neno limekatwa vipande, vipande vikapewa maana kwa kuwa masikioni vyafanana na maneno mengine. Aliyeikubali njia hiyo ilipoleta sifa, ataikataa kwa hoja gani inapoleta tusi?

Yuko na wa tatu, naye hukosea kwa namna nyingine. Huyu asili ya jina anaijua vema, lakini huifanya kuwa asili ya wenye jina. Kwa kuwa sawahil ni Kiarabu, husema, lugha nayo ni tawi la Kiarabu. Amesahau kuwa jina huweza kutoka kwa mgeni na mwenye jina akawa mwenyeji. Sarufi ya Kiswahili, na maneno yake ya njaa, njia na mvua, yakiweka pamoja na Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, nduguze wa karibu. Mkopo wa Kiarabu ni mwingi na wa heshima, na wala hauna haja ya kujidai kuwa damu ndipo uheshimiwe.

Pana pingamizi ambalo haifai kulidharau. Hujwiri, sufii aliyezikwa Lahore, katika Kashf al-Mahjub alilihusisha neno mahaba na mbegu zinazoanguka jangwani, zikafukiwa na mchanga, zikapigwa na mvua na jua, kisha wakati wake ukifika zikachipua. Katika Kiswahili pia haba, iliyokuwa punje, na huba husikilizana. Je, mtu wa Mungu aambiwe kuwa amesema uongo? Hasha. Alikuwa akifundisha jinsi pendo linavyovumilia, na funzo hilo ni kweli, hata kama mbegu na pendo visingekuwa na herufi moja ya pamoja. Kosa halimo katika kusema “neno hili hunikumbusha lile.” Kosa limo katika kusema “hili limezaliwa na lile” pasipo kujua.

Sheria ya Kiislamu ina mfano wa kulitatua jambo hili. Imehimiza kumlea yatima, ale sahani moja na watoto wa nyumba na apendwe kama wao. Lakini imekataza kumnasibisha na asiyekuwa baba yake. Kulea ni wema, na kubadili nasaba ni dhuluma, hata kama yametendwa na mkono mmoja na kwa mapenzi yale yale. Mshairi ni mlezi wa maneno. Ana ruhusa ya kuyakusanya nyumbani mwake. Ruhusa ya kuyaandikia vyeti vya kuzaliwa hana.

Wala mshairi hapotezi kitu kwa uaminifu huo. Bahari ya maji na bahari ya utungo ni neno moja kweli, kwani Waarabu nao huita mizani ya shairi bahr, na akisema hivyo asema haki. Yaliyobaki na ayakutanishe kwa sanaa yake. Kama kila maneno yenye kina kimoja yangekuwa ndugu, utunzi ungekuwa kuwapanga jamaa mstarini, na nani angestaajabu jamaa wakifanana? Kina hupendeza kwa sababu kimewakalisha wageni mkeka mmoja, wakaonana wamefanana, na kila mmoja akarudi kwao na jina la baba yake.